UZI: Firuzabad ya Fars, mji wa duara wa Ardashir. Namna ya kuusoma uwanda, korongo, ngome na njia ya baharini

RamaniMkononi (#1)

Wakuu, habari zenu. Nafungua uzi wa Firuzabad, wilaya ya wakulima na wafugaji katika mkoa wa Fars, kusini mwa Iran, kama kilomita 110 kusini mwa Shiraz. Ukitaja Fars, watu hukimbilia Persepolis, magofu ya wafalme wa kale wa Uajemi. Firuzabad inapitwa, na wanaofika hupiga picha magofu mawili matatu wakaondoka bila kuuona mji wenyewe, kwa kuwa mji huo hauonekani ukiwa umesimama ndani yake. Hapo ndipo penye kazi.

Kwanza ardhi. Milima ya Zagros imejikunja kama mkeka uliosukumwa kutoka upande mmoja: mgongo wa mlima, bonde, mgongo, bonde. Maji hayana pa kutokea isipokuwa pale mto ulipoukata mgongo na kufanya korongo jembamba. Kwa Kiajemi korongo la namna hiyo huitwa *tang*. Mto wa hapa ni Tang-ab, yaani "korongo la maji". Unaingia uwandani kutoka kaskazini, unapita, kisha unakwenda kuungana na mto Mond unaomwaga maji yake katika Ghuba ya Uajemi. Barabara ya kutoka Shiraz nayo inapita humo humo korongoni. Kwa hiyo anayelishika korongo ameshika maji na njia kwa pamoja. Liweke hilo kichwani kabla ya kutazama jiwe lolote.

Sasa mji. Ardashir wa Kwanza, mwasisi wa utawala wa Wasasani, aliuanzisha mapema katika karne ya 3 akauita Ardashir-Khwarrah, "fahari ya Ardashir". Watu waliuita Gur. Ni duara kamili lenye kipenyo cha mita 1,950 hivi, na lilizungushiwa ukuta wa udongo na handaki la upana wa mita 35. Milango ilikuwa minne: wa Mithra mashariki, wa Bahram magharibi, wa Hormuz kaskazini na wa Ardashir kusini. Ndani uligawanywa kwa mistari itokayo katikati kama spoku za baiskeli, ukawa na vipande 20. Katikati palikuwa na duara dogo la kipenyo cha mita 450 lililotengwa kwa majengo ya utawala na ibada, na kwenye kitovu chake hasa ulisimama mnara ambao hadi leo una zaidi ya mita 30. Huitwa Tirbal, au Minar.

Mistari haikuishia ukutani. Iliendelea uwandani hadi umbali wa kilomita 10 kutoka kwenye mnara, kama mifereji, njia, kuta na mipaka ya mashamba. Mji na mashamba yake vilipimwa siku moja, kwa jicho moja. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko kasri lolote la pale.

---

Kijana_wa_Dira (#2)

Shukrani mkuu. Nimefungua picha za satelaiti sioni duara, naona mashamba tu. Naanzia wapi? Na walilipimaje duara la kilomita mbili bila vifaa vya kisasa?

---

RamaniMkononi (#3)

Kijana, kwanza hakikisha uko kwenye Firuzabad yenyewe. Iran ina vijiji kadhaa vyenye jina hilo, na India kuna mji wa Firozabad ambao mitambo ya kutafuta hupenda kuuleta mbele. Andika "Firuzabad, Fars". Ukiufikia mji wa leo, sogea kilomita chache kaskazini-magharibi. Usitafute ukuta. Tafuta mkunjo: mahali ambapo mipaka ya mashamba inaacha kunyooka na kuanza kupinda. Ukiupata mkunjo mmoja, fuata hadi urudi ulipoanzia.

Kisha chukua kipimo cha ramani, weka ncha kwenye mnara (unatoa kivuli kirefu, hivyo picha ya asubuhi au jioni ni bora kuliko ya adhuhuri), na uvute mita 975. Utaangukia kwenye ukuta. Rudia kila nyuzi 18 na utapata mistari 20. Mzingo unakuja kilomita 6.1 hivi, na eneo la ndani ni karibu hekta 300.

Kosa la kawaida ni kudhani kila mstari ulionyooka ni wa kale. Mkulima wa leo analima kwa kufuata mpaka wa zamani, lakini pia anakata mipaka yake mipya. Mstari wa kale ni ule ambao ukiurefusha unapita kwenye mnara. Usiopita hapo, uache.

Kuhusu upimaji, hakuna anayeweza kuvuta kamba ya mita 975 ikabaki imenyooka. Italegea na kunasa kila kichaka. Ninavyoona mimi, walisimamisha kitovu kirefu, wakaelekeza mistari kwa jicho kutoka juu, wakapima urefu ule ule juu ya kila mstari, kisha wakaunganisha ncha. Kutoka ncha moja hadi ya pili ni mita 305. Ukiziunganisha kwa mstari ulionyooka, katikati yake utakuwa umeingia ndani ya duara kwa mita 12 tu, na hizo zinasahihishika kwa vigingi vichache. Mnara ndio uliowezesha yote haya, kwa sababu unaonekana kutoka pembe zote za uwanda.

---

FundiChokaa (#4)

Niongeze upande wa ujenzi, maana wengi hutaja ukubwa bila kueleza kwa nini majengo haya yamesimama miaka 1,800.

Mnara wa Tirbal mnaouona sasa ni moyo tu. Ni nguzo ya mraba ya mita 9 hivi kila upande, ya mawe yasiyochongwa. Ngazi ilizunguka nje yake, na nje ya ngazi palikuwa na ukuta mwingine. Ngazi na ukuta vimeanguka. Ukisogea karibu utaona mabaki ya kingo zilizopanda kwa mshazari. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, anaeleza kwamba maji yaliletwa kutoka mlimani hadi yakapanda juu ya jengo hilo. Maji hupanda ndani ya bomba lililofungwa iwapo chanzo chake kiko juu kuliko mdomo wake, kwa hiyo kwa mji uliozungukwa na milima si jambo la ajabu.

Kwenye duara la ndani kuna jengo la pili, Takht-e Neshin. Hili ni la mawe yaliyochongwa na kupangwa kwa pembe kali, tofauti kabisa na mengine yote. Mwanaakiolojia Mjerumani Dietrich Huff ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuchimba na kupima majengo ya Firuzabad.

Sasa njoo kwenye kuba. Majengo mawili yenye kuba yako nje ya mji, upande wa kaskazini: Qal'eh Dokhtar, "Ngome ya Binti", juu ya genge ndani ya korongo, na Kasri la Ardashir kwenye mdomo wa korongo, kando ya bwawa la chemchemi. Kuba ni duara na chumba ni mraba. Ukiliweka duara juu ya mraba, pembe nne zinabaki wazi. Fundi wa Ardashir alivusha tao dogo kwenye kila pembe, mraba ukawa na pande nane, na pande nane zinakaribia duara. Baada ya hapo kuba inaanza. Hizi ni miongoni mwa kuba za kale kabisa za aina hiyo zilizobaki duniani, na ukisimama chini yake utaona mkono wa fundi ulikuwa bado unajaribu: mpito kutoka pembe kwenda kuba si laini, mawe yamejazwa kwa lipu nyingi.

Siri iko kwenye jasi. Sisi watu wa pwani tunajua chokaa: matumbawe yanachomwa kwa kuni nyingi mpaka joto lifike kama nyuzi 900, kisha inalowekwa, kisha inasubiriwa. Jasi huchomwa kwa joto lisilozidi nyuzi 200, na ukiichanganya na maji inashika ndani ya dakika chache. Katika nchi yenye miti michache faida ni mbili. Kuni zinazotumika ni kidogo, na jiwe unalobandika linashika papo hapo, kwa hiyo unajenga tao bila kiunzi kikubwa cha mbao chini yake. Ubaya wake ni kwamba fundi anachanganya kidogo kidogo. Akichanganya karai zima linamgandia mkononi.

Ubaya wa pili ndio unaoua magofu haya. Jasi huyeyuka kwenye maji, kama gramu 2 kwa kila lita. Haionekani kwa macho, lakini mvua ya majira ya baridi ikipita kwenye ufa ule ule mwaka hadi mwaka inaubeba ujenzi taratibu. Kwa hiyo ukarabati wowote uanze na kuondoa maji juu ya paa na kuziba nyufa, kabla ya kugusa ukuta. Na kamwe usitie saruji ya kawaida juu ya jasi. Salfeti ya jasi na saruji zikikutana kwenye unyevu hutengeneza fuwele zinazovimba, na uvimbe huo hupasua kiraka pamoja na jiwe la kale lililokuwa zima. Jasi itengenezwe kwa jasi.

---

Mwanahistoria_Tabora (#5)

FundiChokaa umenena vyema. Niunganishe hayo majengo mawili na tarehe, maana mpangilio wake unaeleza siasa.

Qal'eh Dokhtar ilijengwa wakati Ardashir bado ni mtawala mdogo chini ya Waparthi, waliotawala Iran kabla ya Wasasani. Ndiyo maana imekaa juu ya genge, mto umeizunguka chini, na unaingia kwa ngazi iliyofichwa ndani ya mnara kabla hujafika kwenye viwanja vyake, ambavyo vimepanda ngazi tatu. Ni makao ya mtu anayetarajia kushambuliwa. Mwanahistoria at-Tabari anasimulia kwamba Ardavan, mfalme wa Waparthi, alimwandikia kwa hasira akimuuliza nani alimpa ruhusa ya kujenga mji. Kujenga Gur kulikuwa sawa na kutangaza uasi.

Tarehe 28 Aprili 224 wakapambana Hormozdgan na Ardavan akauawa. Baada ya hapo likaja Kasri, mita 104 kwa 55, bondeni kabisa, bila ukuta wa kujihami. Mbele kuna aiwani, ule ukumbi mkubwa ulio wazi upande mmoja, uliofika urefu wa mita 18. Sehemu yake imeanguka. Inatazama bwawa. Nyuma yake kuna kumbi tatu zenye kuba zilizopangwa mstari mmoja, kisha uwanja wenye vyumba. Ndani, juu ya milango na vishubaka, tazama mapambo ya lipu yenye ukingo uliopinda. Yanaiga ya Persepolis. Mfalme mpya alikuwa anajinasibisha na wafalme wa kale wa Fars.

Wenyeji wamezoea kuliita Kasri hilo Atashkadeh, hekalu la moto. Si hekalu, ni makao ya mfalme, hivyo ukiona jina hilo kwenye kibao au ramani usidhani ni jengo jingine.

Jina la mji nalo lina kisa. Waarabu chini ya Abdallah ibn Amir waliuteka mwaka 649 au 650, baada ya kupingwa kwa muda. Gur ikawa Jur kwa Kiarabu. Katika karne ya 10 mtawala wa Kibuwayhi, Adud ad-Dawla, alipenda kukaa huko, lakini *gur* kwa Kiajemi ni kaburi, na watu wakawa wanasema "mfalme amekwenda kaburini". Akaubadilisha jina ukawa Firuzabad, mji wa ushindi.

---

Kijana_wa_Dira (#6)

Na michongo ya mwambani? Naona watu wanataja miwili.

---

Mwanahistoria_Tabora (#7)

Ndiyo, miwili, yote humo korongoni Tang-ab.

Mkubwa ni wa vita ya Hormozdgan, karibu mita 18 kwa urefu, mkubwa kuliko michongo yote ya aina yake Iran. Una jozi tatu za wapanda farasi. Ardashir anamwangusha Ardavan pamoja na farasi wake. Anayefuata ni mwanawe Shapur, akimwangusha waziri wa Ardavan. Wa tatu ni kijana wa Kisasani aliyemkaba Mparthi shingoni huku farasi wote wawili wanakimbia. Ukiwa huna uhakika nani ni nani, tazama utepe: washindi wana tepe ndefu zinazopepea nyuma. Umechongwa kwa kina kidogo na umeliwa na hali ya hewa, hivyo jua likiwa utosini hutaona kitu. Nenda wakati mwanga unapita kwa ubavu.

Mdogo, mita 7 kwa 3.7 hivi, unaonyesha Ardashir akipokea pete ya ufalme kutoka kwa Ahura Mazda, mungu mkuu wa Wazoroasta. Wote wamesimama kwa miguu, katikati pana kimeza cha moto, na nyuma ya mfalme kuna mtumishi mwenye kipepeo cha kupungia hewa na watu wengine watatu. Karibu nao kuna mabaki ya daraja na maandishi ya Kipahlavi, Kiajemi cha enzi hizo. Yanasema daraja lilijengwa kwa amri ya Mihr-Narse, waziri mkuu, kwa ajili ya roho yake na kwa mali yake mwenyewe, na kwamba apitaye amwombee yeye na wanawe. Mihr-Narse alikuwa waziri katika karne ya 5, chini ya Yazdgerd wa Kwanza na waliomfuata. Yaani miaka 200 baada ya Ardashir njia ile ilikuwa bado na thamani ya kumgharimu mtu fedha zake. Sisi tungeiita sadaka ya kudumu.

---

MwanaLamu (#8)

Asalaam alaikum ndugu zangu. Mmezungumza njia ya kaskazini. Njia ya kusini ndiyo inayotuhusu sisi.

Ardashir-Khwarrah, baada ya kuwa jina la mji, lilikuja kuwa jina la jimbo zima hadi baharini. Ndani ya jimbo hilo ndimo ilimokuwa bandari ya Siraf, na njia ya misafara ilipanda kutoka Siraf, ikapitia Jam, ikafika Firuzabad na kuendelea Shiraz. Huyo huyo Istakhri anaandika kwamba nyumba za Siraf zilikuwa za ghorofa, zimejengwa kwa msaji na mbao zilizoletwa kutoka nchi ya Zanji. Zanji ni pwani yetu. FundiChokaa ameeleza uhaba wa miti kule Fars: ndiyo sababu boriti zilivuka bahari. Majahazi yaliyopeleka boriti za mikoko Ghuba hadi karne ya 20 yalikuwa yanafuata biashara iliyokwishazeeka zaidi ya miaka elfu.

Siraf ilipigwa na tetemeko la mwaka 977, na biashara ikahamia bandari nyingine za Ghuba. Uchimbaji mkubwa ulifanywa na David Whitehouse kati ya 1966 na 1973. Leo ni mji mdogo kati ya mlima na bahari, mkoa wa Bushehr.

---

Kijana_wa_Dira (#9)

Kwa hiyo Washirazi wa kwetu walitoka Siraf au Firuzabad?

---

MwanaLamu (#10)

Hapo tusiruke, mdogo wangu. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2023, uliotumia mifupa ya makaburi ya pwani yakiwemo ya Mtwapa na Songo Mnara, ulionyesha mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000: upande wa kina baba wengi wana asili ya Uajemi, upande wa kina mama karibu wote ni Waafrika. Hiyo inaipa nguvu simulizi ya Kishirazi, lakini kinasaba hakitaji bandari. Jina Shirazi linaweza kubeba Fars yote, maana Shiraz ndiyo iliyokuwa mji mkuu wake. Ya kuthibitika ni mbao, meli na njia. Tusiyapite hayo.

---

Binti_Makunduchi (#11)

Jamani, mmesahau kitu ambacho kila harusi ya pwani inacho: marashi.

Jur ilijulikana kote kwa maji ya waridi, yaliyosafirishwa mbali. Hadi leo Waarabu huliita waridi lenye harufu kali *ward juri*, waridi la Jur. Ni jina la mji huu huu mnaouzungumzia. Leo kazi hiyo inaendelea Meymand, mji mdogo ulio mashariki mwa Firuzabad. (Usichanganye na Meymand ya Kerman yenye nyumba za mapangoni.)

Namna inavyofanywa: maua huchumwa alfajiri, jua likiwa bado halijapanda, kwa sababu joto hurusha mafuta ya harufu. Hupikwa siku ile ile. Yakilala yamerundikana huchachuka, na marashi hutoka na harufu ya majani makavu. Maua na maji huwekwa kwenye sufuria kubwa ya shaba, mfuniko unafungwa usipumue, mvuke unapita kwenye bomba hadi chombo kilichozamishwa kwenye maji baridi. Moto uwe wa polepole. Ukizidisha moto, maji yanaruka pamoja na mvuke na maua ya chini yanaungua. Matone ya mwanzo ndiyo mazito. Ukiendelea kuchemsha sana unapata maji mengi yasiyo na nguvu. Uvunaji ni mwezi Mei, wiki chache tu.

---

RamaniMkononi (#12)

Ahsante dada, hilo limeniongezea. Nimalizie na mpango wa safari, maana nimeulizwa faragha na watu watatu.

Usijaribu kuunganisha Firuzabad na magofu mengine ya Fars, Bishapur na Sarvestan, siku moja kwa kuwa tu zimeandikwa pamoja UNESCO mwaka 2018. Ni maeneo manane katika sehemu tatu, na kutoka Shiraz moja iko kusini, nyingine magharibi, nyingine kusini-mashariki. Firuzabad peke yake inakula siku nzima.

Kodi gari Shiraz kwa siku, kubaliana na dereva majina yote kabla ya kuondoka: Qal'eh Dokhtar, michongo miwili, Kasri, Gur. Ukisema "Firuzabad" tu atakushusha mjini, na mjini kwenyewe hakuna unachokitafuta. Ondoka mapema, kwa sababu ngome iko kabla ya mji na inapandwa kwa miguu. Nusu saa hivi ya mteremko mkali wenye kokoto. Juu hakuna maji wala kivuli. Viatu vya kamba, lita mbili kwa kila mtu. Usikae kwenye kingo za kuta, jasi imeoza mahali pengi.

Kasri liko ng'ambo ya mto. Mto ukijaa majira ya kuchipua, usimruhusu dereva akate njia ya mkato majini; zungukeni kupitia mjini. Gur iwe ya mwisho, jioni, ili kivuli cha mnara kiwe kirefu na mikunjo ya ukuta ijitokeze. Mnara haupandiki, ngazi haipo tena. Ukitaka kuliona duara kwa macho yako, litazame kutoka mahali palipoinuka, hewa ikiwa safi.

Majira: Machi hadi Aprili, au Oktoba hadi Novemba. Wiki mbili za Nowruz kuanzia 20 au 21 Machi barabara zinajaa familia. Ni mwaka mpya ule ule uliotufikia pwani kwa jina la Nairuzi. Masika na vuli unaweza pia kuwakuta Wakashkai, wafugaji wanaozungumza lugha ya Kituruki, wakihamisha mifugo kati ya malisho ya baridi na ya joto. Kundi likiwa barabarani korongoni, gari lisimame pembeni na lizimwe mpaka mnyama wa mwisho apite. Kondoo wakishtuka hawana pa kukimbilia ila mtoni.

---

FundiChokaa (#13)

Nyongeza moja kwa watakaoingia kwenye Kasri: simama chini ya kuba ya katikati, tazama pembe, halafu toka uende ukumbi wa pembeni utazame pembe zake. Linganisha jinsi matao madogo yalivyokaa. Chukua picha ukiwa umelala chali, kamera ikitazama juu moja kwa moja, usiinamishe. Picha ya mshazari inaipindisha kuba na hutaweza kupima chochote baadaye.